Neno la Mlangoni kwa Munira

Siku ya gulio, stendi ya Korogwe imefurika, dera la zambarau la Munira liligusa rangi mbichi ya bango la Sufiani, fundi wa mabango.

"Umenichora bila ruhusa," Munira alisema.

"Nipe kazi nikulipe dera lako."

Kazi ikazaa simu za kila jioni, simu zikazaa mapenzi. Munira alikuwa anafungua saluni ya maharusi na alitaka mlangoni bango la Kiingereza: A Home for Brides, yaani nyumba ya maharusi, mojawapo tu. Sufiani, Mzigua wa Handeni aliyejifundisha mashairi mwenyewe, hakuipenda ile A. Ilimfanya Munira mmojawapo. Basi akaandika The, yaani hii ndiyo, nyingine hakuna. Akalitundika bango alfajiri, akarudi Handeni akitabasamu.

Kabla ya adhuhuri simu ikaita.

"Sufi, umeandika nini?"

"Nimekuandika wewe, roho yangu."

"Usiniite roho. Mtaa mzima unasema nimemfuta Bi Mwanaidi."

Saluni ya Bi Mwanaidi ilikuwa jirani. Ndiye aliyemfundisha Munira kusuka na kupaka hina, na ndiye somo wake, wa kumwandaa siku ya ndoa. Mwanafunzi hajitangazi kuwa wa pekee mwalimu wake angali kazini.

"Kanirudishia kanga niliyompa ya shukrani. Kasema nitafute somo mwingine. Sufi, bila yeye siolewi."

"Nifute neno zuri kwa sababu ya wivu wa mtu?"

"Baki na neno lako." Akakata.

Sufiani alipanda basi akitunga majibu makali njia nzima. Alipomkuta Bi Mwanaidi anasuka, hata kichwa hakuinua, majibu yote yakamkauka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi wa bango?"

"Ndimi. Munira aliagiza A. The ni kiburi changu. Niruhusu nikuandikie wewe hiyo The."

"Kwangu usiandike kitu. Wanaonijua hawasomi ukuta. Kafute kule."

Akapanda ngazi mchana kweupe, vijana wa bodaboda wakimcheka.

"Malenga kasahihishwa leo!"

Masikio yalimwaka moto, lakini alifuta, akaandika A. Munira alitoka, akamshikia ngazi. Alipoteremka, Bi Mwanaidi alikuwa amesimama nyuma yao.

"Munira, lete ile kanga yangu."

Munira alikimbia ndani akilia. Bi Mwanaidi akamgeukia Sufiani.

"Ukija kuposa, mshenga ndiye aseme. Wewe unyamaze."

"Ataweza kunyamaza kweli, mama?" Munira aliuliza kutoka mlangoni, kanga kifuani.

Sufiani alifumbua kinywa, akakifumba.