Nani Alifuta Faili za Wanafunzi?

Laurent na mke wake Julienne wana kibanda cha kuchapa maandishi karibu na chuo, mjini Lubumbashi. Wanafunzi huwaletea kazi zao za kumaliza masomo. Anayechapa ni Mwelwa, mdogo wake Julienne.

Jumanne asubuhi Mwelwa aliwasha kompyuta. Faili zote za wanafunzi hazikuwepo. Laurent alizunguka chumba, akakaa, akasimama tena. Ijumaa mwanafunzi mmoja, Clovis, alitakiwa kutetea kazi yake mbele ya walimu. Laurent alimwambia Mwelwa kwamba yeye ndiye aliyefuta, kwa kuwa ndiye anayegusa mashine kila siku. Mwelwa alianza kukunja nguo zake ili arudi kwao Sakania.

Laurent alitaka kuweka programu upya. Julienne alimshika mkono, akamwita jirani yao Fatouma, fundi wa kompyuta.

Kwanza Fatouma alichomoa waya wa intaneti.

"Papa Laurent, usiweke tena kitu mu hii mashini," alisema. "Faili yenye ilifutwa inaweza kuwa ingali mu diski. Ukiandika kitu kipya juu yake, njo inapotea kabisa."

Alinakili diski nzima, akafanya kazi kwenye nakala tu. Alieleza kwamba programu anazotumia ni za bure na msimbo wao, yaani maandishi yanayoziunda, uko wazi: mwenye ujuzi yeyote anaweza kusoma jinsi zilivyoundwa na kuona kama zinasema kweli.

Kazi ilichukua siku mbili. Clovis alikuja kuuliza, akaondoka, akarudi. Laurent hakuweza kula.

Alhamisi Fatouma aliwaonyesha orodha ya matukio ya kompyuta, yaliyopangwa kwa saa. Jumatatu, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, flashi iliingizwa. Dakika mbili baadaye, virusi vilivyokuwa ndani yake vilianza kufuta.

"Saa hiyo nani alikuwa hapa?" Fatouma aliuliza.

Mwelwa na dada yake walikuwa hospitali siku hiyo hadi jioni. Laurent aliinamisha kichwa.

"Ni miye njo niliingiza ile flashi ya mteja," alisema. "Mwelwa, nilikukosea. Unisamehe."

Mwelwa aliuliza kama kazi ya Clovis imepatikana.

Ilikuwa imepatikana. Kati ya faili arobaini, nne tu zilipotea kabisa. Ijumaa Clovis alitetea kazi yake.

Sasa kila flashi hukaguliwa kabla ya kufunguliwa. Kila jioni Mwelwa hunakili faili kwenye diski ya pembeni, kisha huichomoa. Fatouma amemfundisha kutumia programu zile. Mwezi uliopita, shule moja ilipopoteza majina ya wanafunzi wake, ilimwita Mwelwa.