Patasi Iliyosahaulika Mimbarini

Haya yalimpata rafiki yangu wa chuo, na alinisimulia huku akitazama chini. Baba yake alihamia nchi hii na sanduku moja la patasi, akawa mchongaji na fundi wa samani za makanisa. Siku moja wanachuo wenzake rafiki yangu walimwona mzee akiingiza mabenchi kanisani, wakamcheka binti yake, yaani huyo rafiki yangu: "Shosti, yule anayeongea kama amemeza msumari ni nani wako?"

"Simjui," akajibu. "Fundi tu."

Baba alikuwa nyuma yake. Akasema taratibu, "Samahani, dada, nipishe nipitishe benchi."

Dada! Kwa binti yake wa kumzaa! Ningekuwepo ningemzaba kibao huyo binti.

Kesho yake mgongo ukamlaza mzee, akamtuma binti amletee patasi aliyoisahau mimbarini. Ilikuwa mchana, lakini madirisha ya kanisa yalikuwa yamezibwa kwa mbao kwa ajili ya ukarabati, ndani giza totoro. Mlango ulipojifunga akasikia: ko, ko, ko. Nyundo juu ya patasi.

"Baba?"

Sauti ikakoma.

Akapapasa hadi kwenye mimbari, ambako mzee alikuwa amechonga nyuso za jamaa zake: bibi, shangazi, marehemu mama. Vidole vikautambua kila uso. Vikafika kwenye uso wake yeye binti, ambao mzee alikuwa ameumaliza wote siku moja kabla ya binti kumkana. Paji lilikuwepo, macho yalikuwepo, pua pia. Chini ya pua palikuwa laini kama ubao mpya. Hapakuwa na kinywa, na maranda ya mbao yaliyomwangukia mkononi yalikuwa bado na joto.