Kufungua Masikio

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kijiko alikuwa na kazi moja aliyoichukia kupita zote: kuosha miwani ya kuzamia. Ilikuwa miwani ya wanawake watano, shangazi yake na wenzake wanne, waliozama baharini kuokota chaza. Makombe ya chaza hao yalichongwa vifungo vya nguo katika karakana ya baba yake. Ua mzima ulinuka nyama ya chaza iliyooza, na nzi walijaa kiasi kwamba mtu akipiga mwayo alijuta. Hayo yote Kijiko aliyavumilia. Kilichomtia kinyaa hasa ni makamasi yaliyoganda kwenye kioo cha miwani, mazito, mengine yakiwa na michirizi ya damu. Aliyasugua kwa kidole kimoja, uso ameugeuzia ukutani, na mara nyingi aliondoka bila hata kugusa chai.

Aliitwa Kijiko kwa sababu ya kichwa chake kikubwa juu ya mwili mwembamba. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na pamoja na kinyaa chote hicho alitamani kuwa mzamiaji. Shangazi alishuka pima nane bila mtungi wa hewa, kwa pumzi zake tu, na mtaa mzima ulimheshimu kwa hilo.

Wanawake hao walikuwa na desturi yao. Mgeni hakuhesabiwa mzamiaji mpaka afunguliwe masikio. Alishikishwa jiwe zito, akashuka nalo mpaka masikio yaanze kumuuma, na alikatazwa kurudi kabla maumivu hayajakatika yenyewe. Hapo walisema sikio limefunguka. Hakuna aliyeuliza kwa nini masikio yaliyofunguliwa yalitoa uchafu mwaka mzima, wala kwa nini kila mzamiaji aliitwa mara tatu ndipo ageuke. Upuuzi huo waliurithishana kama mali.

Baba alikuwa amemkataza Kijiko kuzama mpaka amalize shule. Basi Jumamosi moja akamwambia baba anakwenda kujisomea na wenzake, halafu akamwambia shangazi kwamba baba ameruhusu. Uongo mmoja huku, mwingine kule, na kabla ya saa nne alikuwa ndani ya maji.

Shangazi alimwambia aheme haraka haraka mara thelathini ili ajaze kifua. Kisha akampa jiwe. Kijiko alishuka. Masikio yalianza kubana, halafu yakauma, halafu ikawa kana kwamba mtu anapigilia msumari ndani ya sikio la kulia. Akavumilia. Ghafla kitu kikapasuka, maji baridi yakaingia kichwani, na dunia ikaanza kuzunguka. Aliachia jiwe, akaogelea kwa nguvu zake zote kwenda juu. Mkono wake ukagusa mchanga. Alikuwa anakwenda chini.

Shangazi ndiye aliyemkamata nywele na kumvuta. Walipofika juu, Kijiko alitapika begani kwa shangazi, damu ikimtoka sikioni na puani. Wanawake walipiga makofi. Walisema amefunguka, na Jumamosi ijayo atashuka zaidi.

Nyumbani alisema tumbo linamsumbua. Siku ya tatu sikio lilianza kutoa usaha wa kijani uliochafua mto wa kulalia, naye akaugeuza mto upande wa pili. Alijaza pamba sikioni. Harufu ilikuwa ileile ya uani, ya kitu kilichokufa, ila sasa ilitoka kwake mwenyewe. Mwalimu alimwita mara mbili, hakusikia. Alhamisi, katika kipindi cha hesabu, aliinama kuandika, na tone zito likadondoka kwenye daftari, juu ya jibu. Msichana aliyekaa naye dawati moja aliziba pua na kukimbilia nje. Kijiko alilitazama lile tone na kujichukia.

Jioni hiyo alimwambia baba kila kitu, pamoja na uongo wote aliowaambia yeye na shangazi. Baba hakumpiga. Alisogeza pua karibu na sikio la binti yake, akarudi nyuma kama mtu aliyefunua sufuria la mboga iliyochacha, kisha akazima mashine ya kutoboa vifungo. Kesho yake alimpeleka zahanati, na shangazi naye akatakiwa kufuatana nao.

Daktari alisafisha sikio, akasikiliza habari ya jiwe, na uso wake ukakunjamana zaidi ya alipokuwa anafuta usaha.

"Hilo si kufunguka, mama. Ni kuchanika," alimwambia shangazi. "Maji ya kina hukandamiza kiwambo cha sikio mpaka kipasuke. Maji yakiingia ndani, mtu hajui tena juu ni wapi. Na huko kuhema haraka hakukuongezei hewa. Kunaunyamazisha mwili usikuambie kwamba hewa imekwisha. Unazimia ukiwa karibu kabisa kufika juu, na hujui kama unazimia."

Shangazi alisema amezama miaka ishirini na hajafa. Ndipo akakumbuka. Miaka mitatu nyuma mwenzao mmoja alikutwa akielea, naye alikuwa ametoka kuhema hivyohivyo. Walisema ni mishipa iliyomkaza.

Kijiko alipewa dawa na kukatazwa maji yasiguse sikio hilo. Baada ya wiki tisa walirudi. Daktari alisema kiwambo kimejifunga. Alisimama nyuma ya Kijiko, akaziba sikio lake la kushoto, akanong'ona tarakimu, na Kijiko akazitaja zote: saba, mbili, tisa, nne. Baba alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu lile tone.

"Nipime na mimi," shangazi alisema, akakaa kwenye kiti kwa kujiamini.

Daktari alisimama nyuma yake. Alinong'ona upande wa kulia. Akanong'ona upande wa kushoto, mara ya pili kwa sauti ya juu kidogo. Shangazi alikuwa ametulia, mikono mapajani, anasubiri. Mwishowe akamgeukia Kijiko.

"Mbona haanzi?"

"Ameshamaliza, shangazi."

Shangazi aliinuka kitini. Kisha akasema, kwa sauti yake ileile kubwa, na wagonjwa wote waliokaa kwenye benchi la nje wakamsikia:

"Nimefundisha watoto wa watu uziwi, nikauita ujasiri. Najichukia kwa hilo, na kuanzia leo hashuki mtu na jiwe. Nawe, mwanangu, ungeendelea kudanganya siku mbili tu zaidi, ningekurudisha chini kwa mkono wangu. Mwili ukiuma unakusemesha. Usikilize, na useme ukweli mapema, kungali na mtu anayekusikia."