Mtoto Aliyemwagiwa Makaa

Kilichomkera Fowsiya kwanza si yale maneno, ni kicheko cha mumewe, Abdiwali. Binti yao Weris, wa miaka minne, alikuwa na mdomo, na mtaa mzima wa Galbet uliujua. Alishamuuliza babake mbele ya wageni kama nywele zake zimehamia Dadaab. Alishataka kuambiwa, ngamia akilala, nundu nayo inalala au inabaki macho. Abdiwali alikuwa akichomoa simu, anamrekodi, anawatumia ndugu mpaka Lafey, kisha anashinda akisoma vicheko vyao.

Alasiri moja Weris aliweka kikombe chake chini, akamwambia babake, "Aabo, yule mtoto uliyemmwagia moto bado analia."

Abdiwali akacheka mpaka akashika mbavu. "Rudia, rudia nirekodi!"

"Yuko nyuma ya jiko. Ngozi yake inatoka. Mama yake amekasirika."

Akacheka tena. Fowsiya hakucheka. Alikumbuka vizuri nani aliyemwaga makaa ya uunsi, ule ubani wa kufukiza nyumba, nyuma ya jiko majuzi wakati wa magharibi, chetezo mkono huu, simu mkono ule. Na huku kwetu mtoto hufundishwa kabla hajajua kuvaa kiatu: kitu cha moto hakimwagwi ardhini bila Bismillahi, maana hujui jini gani amekaa hapo na wanawe.

"Ulisema Bismillahi?" akamuuliza.

"Nilikuwa naongea na simu, mwanamke. Makaa tu hayo."

Makaa tu! Fowsiya alitamani kumrushia birika.

Harufu ikaanza. Uunsi kwanza, mtamu, wa kawaida, halafu chini yake kitu kama nywele zilizoungua, kikaingia kwenye mito, kwenye shela, kwenye wali. Adhuhuri, mji umejilaza kwa joto na hata mbuzi wamenyamaza, kilio cha kitoto kikawa kinatoka nyuma ya jiko, chembamba, kinakatika na kuanza upya, na Fowsiya akitoka haoni kitu ila jivu, na akirudi ndani anamkuta Weris ameketi kitandani, mwili unachemka, macho yameelekea ukutani, anaitikia kwa kichwa mtu anayezungumza naye.

"Hooyo," mtoto akamnong'oneza, "yule mama anasema nihamie kwake. Anasema mikono yake imebaki mitupu."

Nyuma ya Fowsiya, simu ililia kuashiria kwamba inarekodi. Abdiwali alikuwa mlangoni, anatabasamu.

Wallahi, hakujua aliipokonya vipi. Alijiona tu amekwisha kuitumbukiza kwenye pipa la maji, na yeye anapiga kelele, "Mwanao anaondoka, na wewe unamfanya kichekesho!"

Siku hiyo hiyo alimwita Sheikh Guleid. Mzee akasoma, mkono wake juu ya paji la mtoto. Weris akafumbua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mzima aliyelia mpaka akakauka.

"Nilimwambia kwa mdomo wa bintiye. Akacheka. Nikamwambia tena. Akacheka. Aje aombe radhi pale aliponiulia mwanangu, kabla ya adhana ya magharibi. Asipokuja, nabeba huyu."

Sheikh akageuka polepole. "Umesikia, Abdiwali. Ni neno moja tu."

Abdiwali alichungulia uani. Majirani walikuwa wamejaa langoni. "Mimi? Nipige magoti kwenye jivu, watu wanitazame?" akasema kwa sauti ya chini. "Soma tu, Sheikh. Si ndiyo kazi yako?"

Fowsiya akainuka. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikio yanavuma. Alimbeba Weris, akapita katikati ya majirani, akaenda nyuma ya jiko. Jua lilikuwa linazama. Jivu la siku zote hizo lilikuwa bado linatoa joto, na harufu ile ilimfanya atapike. Akapiga magoti humo humo.

"Nisikilize, mama mwenzangu," akasema. "Aliyekuulia mwanao simtetei. Nimeishi na kicheko chake muda mrefu kuliko wewe. Lakini huyu hakukumwagia kitu. Huyu ndiye aliyekusemea, wakati hakuna mwingine aliyekusikia! Sikupi. Mwenye makosa yuko chumbani, amekaa kwenye mkeka. Unaijua njia."

Adhana ikaanza. Upepo mkavu ukampita shavuni, ukaelekea mlangoni. Harufu ikakatika. Mwili wa Weris ukapoa mikononi mwake, jasho likamtoka, akafumbua macho.

"Hooyo, nina njaa. Nataka maziwa."

Ndani, Abdiwali akapiga ukelele. "Miguu yangu! Fowsiya! Naungua, nimwagie maji, Fowsiya!" Sheikh naye akaanza kumwita.

Aliwasikia vizuri wote wawili. Akaingia jikoni, akachukua maziwa, akakaa kizingitini na mtoto mapajani. Akamshikia kikombe mpaka kikaisha, kisha akammiminia kingine.