Nguzo za Ndege ya Baba

Kila jioni, akitoka shuleni, Mwende alinawa mikono, akamsaidia babake kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha dirishani, kisha akampa mpira mdogo wa sponji. Bwana Mutunga aliuminya kwa mkono wa kulia, ule uliopooza kabla ya Krismasi. Vidole vilitii kidogo tu. Mpira ulianguka, Mwende akauokota, ukaanguka tena.

Kabla ya kuugua, Bwana Mutunga alikuwa mpimaji katika karakana ya reli. Chuma kikikatwa, yeye ndiye aliyesema kimefaa au hakikufaa, na neno lake halikubishwa. Wakubwa wake walikuwa wamemwahidi kumngojea mpaka aweze kushika penseli tena. Hilo ndilo tumaini pekee lililokuwa limebaki katika nyumba yao ya Makadara.

Juu ya kabati palikuwa na ndege ya mbao aliyoianza akiwa mzima, mfano wa zile ndege za kizamani zenye bawa juu ya bawa, kama kitanda cha ghorofa. Nguzo nyembamba zilizotenganisha mabawa alizikata mwenyewe, nayo ikawa kazi ya mwisho ya mkono wake. Zilibaki nyuzi za kuyashikilia mabawa, pamoja na rangi. Alimwomba Mwende aimalizie.

Uzi ulitoka kwa Bi Raihana, mshona kofia wa Mji wa Kale aliyekuwa rafiki wa mamake Mwende. Alimkatia wa kutosha, akamwonya. "Huu ni uzi wa pamba, mwanangu. Ukishika unyevu hujivuta ukawa mfupi. Usiukaze kwa pupa."

Baba naye alikuwa na sharti lake, alilotoka nalo karakanani. "Usikaze upande mmoja ukaumaliza. Vuta kulia kidogo, kisha kushoto kidogo, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hata nati za gurudumu hukazwa kwa zamu."

Ilikuwa kazi ya kuchosha. Mwende alipitisha uzi katika vitundu, akafunga, akageuza ndege, akafunga tena. Jumamosi moja rafiki yake Cynthia alimwita kutoka chini, akasema timu yao ya kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, ilipungukiwa na mtu. Baba alikuwa amesinzia kitini. Mwende akazivuta nyuzi zote za kulia mpaka zikalia alipozigusa, akazifungafunga za kushoto vivi hivi, akaficha ulegevu wa mafundo kwa gundi, kisha akashuka ngazi mbio.

Aliporudi, babake alimuuliza kama alikaza kwa zamu.

"Ndiyo, Baba."

Bwana Mutunga akaishika ndege kwa mkono wa kushoto, akaitazama mbele na nyuma. Ilionekana imenyooka. Akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu atoke hospitalini. Wakaipaka rangi ya buluu, yeye akielekeza na Mwende akishika brashi, ikarudishwa kabatini.

Kisha masika yakaingia. Mvua ilinyesha bila huruma, nguo hazikukauka na chumvi ikageuka maji kwenye kikopo. Asubuhi moja waliikuta ndege imeharibika. Nyuzi za kulia zilikuwa zimejivuta kwa unyevu, bawa la juu limepinda, na nguzo moja imevunjika katikati.

Bwana Mutunga aliitazama. Akaomba rula, akajaribu kupima, lakini rula ikamponyoka.

"Nilizikata vibaya," alisema. "Hazikulingana. Kumbe ugonjwa ulishaniingia na sikujua."

Ni aibu kulisema, lakini jambo la kwanza alilolihisi Mwende lilikuwa nafuu. Hakushukiwa. Nafuu yenyewe haikudumu, kwani jioni ile babake alipopewa mpira aliuacha ubingirike hadi chini ya kitanda, na kesho yake hakuuliza ulikokwenda. Hatimaye Mwende alimsikia akimwambia mkewe, Bi Wanza, awapelekee habari watu wa karakana kwamba watafute mtu mwingine, kwa sababu mpimaji asiyejua kupima anaweza kuua watu. Mama aliendelea kukunja nguo zilizonuka unyevu.

Mama angewaendea watu wa karakana kesho yake. Mwende akaishusha ndege, akazikata nyuzi zote, akazichomoa nguzo na kuzipanga juu ya meza ndogo mbele ya babake. Ile iliyovunjika aliiunganisha kipande kwa kipande.

"Zipapase, Baba."

Bwana Mutunga alipitisha kidole gumba juu ya vichwa vya nguzo. Akarudia. Hakuna hata moja iliyozidi nyingine.

"Nguzo zako ni sawa," Mwende alisema. "Ni mimi ambaye sikukaza kwa zamu. Nilizikaza za kulia zote nikakimbilia mchezo, na uliponiuliza nikakudanganya."

"Ukaniacha siku zote hizi nikijiona sifai."

Mwende akalia. Babake hakumbembeleza, kwa kuwa alikuwa amekasirika kweli. Baadaye kidogo alimwambia alete uzi mpya na kijiti cha kuchonga nguzo nyingine.

Walifanya kazi ile jioni nzima. Baba alishika bawa kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia akaulaza juu ya bawa la chini, ukateleza, akaurudisha. Mwende alivuta kulia kidogo, kushoto kidogo, akiulegeza uzi kwa ajili ya mvua. Fundo la mwisho lilipofungwa ndipo Bwana Mutunga aliposema tena.

"Ndege ikivunjika ina gundi, Mwende. Lakini mimi niliamini neno lako kuliko mkono wangu, kwa sababu ni lako wewe. Ukikosea kazi, sema umekosea, hata ukiwa umechelewa. Anayekuamini hujenga juu ya ulilomwambia. Likiwa la uwongo, yeye ndiye anayepinda."

Mwende alitaka kuipaka nguzo mpya rangi ya buluu kama zile nyingine, babake akamkataza. Ikabaki nyeupe.

"Mwambie mamako asiende karakana," alisema. "Na uniokotee ule mpira."

Mwende akaingia chini ya kitanda, akautoa na kuupangusa vumbi. Baba akauminya. Ulianguka, Mwende akauokota, ukaanguka tena, naye akauokota.