Dirisha Tupu la Benite

Kila Jumatano alasiri, masomo yakiisha, wanafunzi sita wa shule moja ya Kinanira, mtaa wa Bujumbura, hufagia chumba cha kompyuta, huwasha mashine zao kuukuu zinazotumia mfumo wa Linux, kisha huketi kufanya kazi. Siku za karibuni mmoja wao, Benite, alikuwa akiketi pembeni, skrini yake ameielekeza ukutani.

Kisa kilianzia kwa Mama Dorothée, muuguzi wa zahanati ya jirani. Daftari lake la chanjo lilikuwa limechakaa, tarehe hazisomeki, hata mama mmoja alipanda kilima na mtoto mgongoni, kumbe siku si yake. Wanafunzi wakaahidi kumtengenezea programu: aandike jina la mtoto, tarehe ya chanjo ionekane. Kazi alipewa Benite, msichana wa miaka kumi na mitatu.

Kwanza ilibidi kuchagua zana ya kujengea madirisha na vitufe vya programu.

"Tuchukue Tkinter," alisema mwenzake Twahiru. "Inatumia Python, lugha tuliyofundishwa."

"Apana! Hiyo ni ya watoto," Benite alimkata. "Mi nataka Qt. Kaka yangu anaitumia chuoni, pamoja na lugha ya C++."

"We unajua C++?"

"Nitajua."

Wiki tatu zikapita, asijue. Alichopata ni dirisha tupu, jeupe, lisilo hata na kitufe. Kila alipoongeza kitu, ujumbe wa makosa ulijaa skrini nzima, naye haelewi hata mstari mmoja. Alipoulizwa alijibu, "Nusu imekwisha." Uongo wa kwanza ukazaa wa pili, wa pili ukazaa wa tatu, hata akajiona kama panya aliyeingia mtegoni kwa miguu yake mwenyewe. Kusema aliona haya. Kunyamaza kulimnyima usingizi.

Jumatano hiyo zilibaki siku mbili muuguzi aje.

"Benite, hebu tuone," alisema Mwalimu Consolate.

"Mwalimu, mashine... imeganda."

"Imeganda tena?" Twahiru akadakia. "Mashine yako inakaa Bujumbura ama ndani ya friji?"

Wote wakaangua kicheko. Benite akainamisha kichwa. "Bwana, nitoe humu," aliomba kimoyomoyo. Mlango haukuonekana popote, ila kinywa chake mwenyewe.

"Nilidanganya, Mwalimu. Hakuna nusu. Hakuna kitu."

Kicheko kikakatika. Mwalimu hakumgombeza. Aliandika ubaoni: nafasi moja ya kuandikia jina, kitufe kimoja.

"Benite, fanya kwa Qt. Twahiru, kwa Tkinter. Nusu saa."

Twahiru alikosea upesi, lakini ujumbe ukamtajia mstari wa tisa: amesahau kufunga mabano. Akayafunga, kitufe kikatokea. Dirisha la Benite lilikuwa tupu vilevile. Akavuta kiti chake hadi kwa Twahiru.

"Nifundishe, ndugu yangu."

"Karibu, patron!" Twahiru akatania, kama anayempokea bosi.

Walifanya kazi pamoja hadi jioni, na Alhamisi wakarudi kuingiza majina na tarehe alizowapa muuguzi. Ijumaa Mama Dorothée aliandika kwa kidole kimoja jina la mtoto: Nura. Tarehe ikatokea.

"Eh, Yesu wangu! Imemjua mtoto!"

Mwalimu Consolate akawageukia wanafunzi wake. "Qt ni zana nzuri kwa anayeijua. Lakini nyinyi mnaoanza, chagueni zana ambayo mkibisha hodi inaitikia, na mkipotea inawaonyesha mlipopotelea. Na wewe Benite, ukikwama usijifungie ndani na uongo. Sema mapema. Mungu husikia maombi, wanangu, lakini mara nyingi humtuma jirani aje kufungua."