Uhusiano: Hakuna

Mtaa wa mafundi wa makochi saa nne asubuhi hauna pa kupita: huku mbao, kule sponji, katikati watu na mikokoteni. Mhariri wa kamusi alikuwa akijipenyeza na gauni lake la kijani, mkoba begani, pale springi ilipochomoka kwenye kochi kuukuu, ikaruka vichwa vya watu na kutua mbele ya viatu vyake.

"Samahani dada! Imekupiga?" Fundi alikuja mbio, aproni imechafuka gundi, nyuzi za kitambaa zimejaa nyweleni.

"Haijanipiga. Hii mnaiitaje?"

Fundi akamtazama juu hadi chini. "Springi. Kwenu mnakalia mawe?"

Mhariri alicheka mpaka mkoba ukamteleza. Akamweleza: wiki ya tatu sasa amekwama kwenye neno moja la Kiingereza, "spring". Ni chemchemi ya maji. Ni majira ya miti kuchipua katika nchi za baridi. Ni kuruka. Tena ni waya huo uliojisokota. Mwenyekiti wa jopo la kamusi alitaka yaandikwe kama maneno manne yasiyojuana, na waya uitwe "mnyumbuko", neno alilolitunga mwenyewe bafuni.

"Neno moja, kazi nne," fundi alisema. "Hilo limezaliwa mtaa huu huu."

"Asili yake moja. Zamani lilimaanisha kuruka, kuchomoka. Maji yanachomoka ardhini, majani yanachomoka kwenye tawi..."

"Na hii imechomoka kochini, nami nikakuona. Andika na hilo."

Akaandika. Kamusi haipokei neno la mtaani bila ushahidi, na ushahidi hukaa kwenye kadi: neno, sentensi, namba ya msemaji badala ya jina, na mstari wa mwisho, uhusiano wake na mkusanyaji. Akajaza: Namba 14. Uhusiano: hakuna. Siku hiyo ilikuwa kweli tupu.

Uongo ulianza wiki ya pili.

Miezi minne simu zao hazikupoa. "Umekula, mpenzi?" "Nitakulaje, hujaniambia umeamkaje?" Kisha siku moja fundi akaja ofisini na mto wa kiti, mahameli ya zambarau aliyoishona mwenyewe, akaikuta kadi mezani.

"Namba kumi na nne," alisoma polepole. "Wale kumi na watatu wako wapi, wamestaafu?"

"Ni utaratibu wa kazi, laazizi."

"Na huu? Uhusiano: hakuna. Miezi minne nakuita ubavu wangu, kumbe hakuna!"

"Nikiandika ukweli, kadi inatupwa. Ushahidi wa ndugu au mpenzi haukubaliwi. Na sina kadi nyingine."

"Basi kati yangu na neno, umechagua neno."

Akauweka mto kitini, taratibu, akatoka. Tangu hapo simu yake ikawa inaita tu.

Mhariri alilia siku nzima. Siku ya pili akavaa viatu vya kutembelea, akaenda mitaa mitatu ya mafundi wasiomjua. Alifukuzwa, akatongozwa, akadhaniwa mtu wa kodi. Jioni alikuwa na kadi tisa.

Asubuhi ya kikao, fundi alipokea simu ilipoita mara ya sita. "Una nini tena?"

"Usiseme kitu. Sikiliza tu, usikate."

Mhariri akailaza simu mezani, wazi, mbele ya watu watano wenye miwani.

"Mheshimiwa mwenyekiti, nina kosa la kusahihisha." Akalikata neno "hakuna" kwa kalamu nyekundu, akaandika upya huku akisoma kwa sauti: "Mpenzi wangu. Tangu wiki ya pili."

"Unajua kadi hii sasa inatoka?"

"Itoke. Hata mimi mkitaka nitatoka. Yeye simtoi."

"Basi 'springi' haina ushahidi," mwenyekiti alisema, sauti imeanza kunona. "Tuandike mnyumbuko."

"Ina tisa." Akazipanga moja moja. "Wanane wanasema springi. Wa tisa anasema springi, halafu akaniomba namba ya simu."

Jopo likaangua kicheko. Akawaonyesha mzizi mmoja na matawi yake manne, hatua kwa hatua, bila kutazama karatasi. Mikono minne ikapanda. Wa mwenyekiti ulijikuna shingo kwanza, kisha nao ukapanda.

Akaichukua simu. "Hallo? Bado upo?"

Alisikia pumzi za mtu anayekimbia. "Nipo. Kikao ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne. Kwa nini?"

"Lifti imekufa, niko ya tatu. Huyo wa tisa ulimpa namba?"

"Mjinga wewe!"

Mlango ukafunguka. Aproni ile ile, nyundo kiunoni, jasho kama kamwagiwa ndoo.

"Wazee wangu, shikamooni. Sikuja kuvuruga kikao. Nimekuja kumwoa huyu."

"Sasa hivi?" mwenyekiti aliuliza.

"Nikipata maji ya kunywa kwanza." Akamgeukia mhariri, na utani ukamtoka usoni. "Nilikosea kukunyima simu. Utanikubali?"

"Nimekutaja mbele ya jopo zima. Unataka na muhuri?"

Alipomkumbatia, gauni lilijaa nyuzi, wala hakujali. Kisha akampigia mama yake.

"Mama, naolewa."

"Na yule wa makochi?"

"Ndiye."

"Mlete. Ila aje na nyundo. Wajomba zako ni wazito, na kochi langu limechoka."